Sangara wa kurudishwa majini

Hapa Uganda, kwenye uvuvi wa mchezo wa sangara, mgeni akimwachia samaki, samaki akapiga mkia na kuzama, botini kila mtu hufurahi na nahodha hupewa mkono. Sisi tulioishi na kazi hii tumejifunza kutoamini huo mkia. Samaki aliyechoka kupita kiasi au aliyeumia ndani bado ana nguvu za kutosha kuondoka mbele ya macho yako, kisha anakufa baada ya saa kadhaa, au kesho yake, mahali ambapo hakuna anayemwona. Anayevua na kuachia bila kulijua hilo anaweza kuua samaki wengi kuliko ambavyo angewala, na jioni akalala akijiona mtu mwema.

Wenzetu wanaovua salmoni baharini, upande wa Pasifiki wa Marekani na Kanada, walilikubali jambo hili zamani na kuliingiza kwenye mahesabu. Baraza linalopanga msimu wa uvuvi kwenye pwani hiyo ya Marekani halihesabu samaki waliopelekwa nyumbani peke yao, huhesabu pia wale wanaotarajiwa kufa baada ya kuachiwa. Kwa salmoni wanaovuliwa kwa burudani katika sehemu kubwa ya pwani hiyo, kiwango kinachotumika ni kama 14 kwa kila 100. Boti ikielea na chambo halisi kikining'inia, samaki hupata muda wa kumeza, na hapo vifo huzidi sana. Ndiyo maana California inadai ndoano za duara zisizo na kijino, kile kimwiba cha nyuma kinachozuia ndoano kuchomoka, kwa wanaovua salmoni kwa chambo bila kukikokota nyuma ya boti. Jimbo la Washington nalo hukataza kumpandisha kwenye boti ndogo salmoni ambaye sheria hairuhusu kumchukua. Anafunguliwa akiwa majini, ubavuni mwa boti. Wa porini hutofautishwa na wa kutotoleshwa kwa lile pezi dogo la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia, kwa sababu vifaranga wengi wa mabwawani hukatwa pezi hilo kabla ya kuachiwa.

Nimemtaja salmoni kwa sababu miongozo mingi inayofika Uganda imeandikwa kwa ajili yake au kwa ajili ya trauti, na mgeni anaposhuka Entebbe anakuwa nayo kichwani. Mengi yaliyomo ni ya kweli hata kwa sangara, ambaye huku tunamwita mputa. Machache yanamuua.

Tofauti kubwa iko tumboni. Salmoni ana mrija unaounganisha kibofu cha hewa na koo, kwa hiyo akipandishwa haraka anaweza kuicheua hewa iliyozidi. Sangara hana mrija huo. Hewa huingia na kutoka kwenye kibofu chake kupitia damu, polepole mno kuliko mwendo wa rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi. Kibofu chenyewe ndicho bondo, lile ambalo wafanyabiashara hulikausha na kulipeleka China, na kila anayepasua samaki kwenye mialo ya Kasenyi au Ggaba anajua lilivyo kubwa. Sasa fikiria samaki aliye mita 20 chini. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ya maji ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, kwa hiyo hewa ndani ya bondo hutanuka zaidi kidogo kuliko vitabu vya baharini vinavyosema. Kutoka mita 10 hadi juu, ujazo wake huzidi maradufu. Kutoka mita 20 huwa zaidi ya mara tatu, na kutoka mita 30 zaidi ya mara nne. Bondo halina pa kupanukia. Hulisukuma tumbo litokee mdomoni, utumbo utokee kwenye tundu la haja, macho yatoke nje, au linapasuka na hewa kuenea mwilini.

Samaki wa namna hiyo ukimweka majini huelea ubavu. Anajaribu kuzama, anashindwa, jua linampiga, na kabla boti haijafika mbali furukombe ameshamwona. Nahodha wengi wakiona hivyo hushika kisu au msumari na kutoboa ule mfuko mwekundu uliojaa mdomoni. Hapo ndipo makosa yanapokuwa mawili, maana mfuko ule si bondo, ni tumbo la chakula lililogeuka nje. Ukilitoboa hujapunguza hewa yoyote ya maana, umeongeza jeraha. Liache. Samaki akirudi chini, hewa husinyaa na tumbo hurudi mahali pake.

Kwa hiyo dawa ni kumrudisha chini kwa haraka, na kifaa chake hutengenezwa kwa dakika chache. Chukua ndoano kubwa, iondoe kijino kwa tupa hadi iwe laini kabisa. Funga uzito kwenye tundu la ndoano, na kamba imara kwenye mgongo wa ule mpindo, ili ndoano ikining'inia mpindo uwe juu na ncha itazame chini. Ncha iingize kwenye ngozi nyembamba ya taya la chini, ikiwezekana kwenye tundu lilelile lililoachwa na ndoano ya kuvulia. Uzito unamvuta samaki kwenda chini akitanguliza kichwa. Ukifika kina ulichomtoa, au angalau nusu yake, vuta kamba kwa mkupuo mmoja: ndoano inachomoka yenyewe kwa sababu ncha inatazama chini. Kwa sangara wa kilo tatu anza na uzito wa kilo moja na nusu. Akikataa kuzama ongeza, usimsukume kwa kafi. Wengine hutumia kreti la plastiki lililogeuzwa juu chini, limefungwa vyuma kwenye pembe na kamba katikati. Samaki huwekwa chini yake, hewa yake inambana juu dhidi ya kreti, na anapopata tena uzito wake huogelea mwenyewe kutoka kwa chini. Kreti ni zuri kwa samaki wadogo wengi. Kwa mkubwa ni usumbufu mtupu.

Lakini niseme wazi: kifaa hiki ni cha ajali, si cha mpango. Ukikusudia kuachia samaki, usivue mita 20. Visiwa vya Ssese vina miamba ambako sangara husogea mita tatu hadi sita akifuata chakula, na chambo bandia cha kukokota kinatosha kumfikia huko. Kwenye kina kinachozidi mita 10 sisi huvua kwa ajili ya sufuria tu, na samaki wa sufuria wakitosha tunakunja. Mgeni anayetaka kuendelea kuvuta samaki wa kina kirefu na kuwarudisha “kwa sababu hatuwali” anaomba kitu ambacho jina lake ni mauaji ya polepole, hata akikiomba kwa upole. Kumwambia hivyo kunahitaji moyo, hasa bahashishi ikiwa bado mfukoni mwake.

Chini ya maporomoko ya Murchison mambo ni mengine. Pale Mto Nile hubanwa kwenye mwanya wa kama mita saba, ukaanguka zaidi ya mita 40, na chini yake kuna mabirika ya maji yanayozunguka ambamo sangara wakubwa husubiri samaki wanaoshuka wakiwa wamepigwa na maji. Ni mbuga ya taifa, kuvua ni kwa kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, na desturi ya wavuvi wa mchezo ni kuachia. Adui hapa ni uchovu na joto zaidi ya bondo. Maji ya Nile hupita nyuzi 25, na maji ya joto hilo hubeba oksijeni pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na maji ya nyuzi 10 ambayo salmoni huyapenda. Samaki anayepigana kwenye maji ya joto anatumia oksijeni nyingi mahali ilipo haba, na misuli yake hujaa asidi. Ukimchosha hadi ajilaze ubavu kabla ya kufika botini, umeshaharibu kazi, hata kama ndoano imeshika vizuri pembeni mwa mdomo.

Hapo ndipo suala la vifaa vyepesi linapoingia. Wako wanaojivunia kumshinda samaki wa kilo 40 kwa mshipi mwembamba, na kuliita jambo hilo uungwana kwa samaki. Sioni uungwana wowote. Kwa Murchison tumia mshipi wa kilo 25 hadi 35 na fimbo yenye mgongo, mwambie mgeni avute kwa nguvu tangu mwanzo, na nahodha asogeze boti kumfuata samaki badala ya kungoja samaki afuate boti. Mshipi ukikatika kwenye mwamba, samaki anabaki na chambo mdomoni na mita kadhaa za uzi zikimfuata. Mshipi mwembamba huongeza yote mawili, muda wa pambano na hatari ya kukatika.

Ndoano ndiyo inayoamua mengi kabla ya samaki kuonekana. Chambo bandia cha dukani huja na ndoano mbili au tatu zenye ncha tatu kila moja. Hizo hushika mdomo, halafu samaki akijitupa zile nyingine hushika jicho, shavu, au mkono wa anayemfungua. Ziondoe zote. Weka ndoano moja ya ncha moja nyuma, au moja kila mahali palipokuwa na ya ncha tatu, kisha kikokote chambo ubavuni mwa boti ukiangalia kinavyoogelea. Kikilala upande mmoja, ndoano ni nzito mno au nyepesi mno. Badilisha namba kabla hujatoka. Kijino kibane kwa plaisi hadi pamba isinase ukiipitisha juu yake. Wageni huogopa kwamba samaki atachomoka. Huchomoka mshipi ukilegea, hasa anaporuka na kutikisa kichwa, kwa hiyo fundisho ni kushusha fimbo na kuendelea kuzungusha rili.

Kwa chambo hai, ambacho wengi hukitumia wakiwa juu ya miamba chini ya maporomoko, tumia ndoano ya duara, namba 8/0 hadi 10/0 kwa samaki wa pale. Ndoano hii ina mazoea yake. Mtu aliyezoea kushtua fimbo kwa nguvu akihisi kuumwa ataipoteza kila mara, maana itatoka mdomoni kabla haijazunguka. Acha samaki aondoke na chambo, mshipi ukaze taratibu, uanze kuzungusha rili bila kushtua. Ndoano itateleza hadi pembe ya mdomo na kujishika hapo. Ukichelewa sana ataimeza hata hii ya duara. Ikimezwa, usiivute. Kata mshipi karibu kabisa na mdomo uiache ndani. Samaki aliyeachiwa na ndoano tumboni ana nafasi nzuri kuliko aliyechomolewa koo. Ndoano ya chuma cha kawaida huoza na muda. Ya chuma kisichoshika kutu hukaa, kwa hiyo usiinunue kwa kazi hii hata ukishawishiwa kwamba hudumu.

Ngassa, yule mwenye meno yaliyojitokeza nje, anastahili neno lake. Anavutia kwa kuruka na kasi yake, kisha nguvu zinamwisha ghafla. Hataki picha tano. Waya ni lazima, plaisi ndefu ni lazima, na kwa maoni yangu afunguliwe bila kutolewa majini kabisa. Sangara humzidi uvumilivu, na watu huchukulia kwamba alivyo sangara ndivyo walivyo wote.

Kumshika sasa. Kinachomlinda samaki ni ute ulio juu ya magamba, na mikono mikavu, gunia, au sakafu ya boti iliyochomwa na jua huufuta. Ukishatoka, kuvu na bakteria hupata mlango. Salmoni wachanga baharini hupukutisha magamba kwa kuguswa tu, na samaki aliyepoteza magamba kwenye maji ya chumvi hushindwa kudhibiti chumvi na maji mwilini. Magamba ya sangara ni magumu zaidi, ila jeraha ni jeraha. Lowesha mikono. Mwagia maji turubai kabla, si baada. Wavu wa mpini uwe wa mpira, au usio na mafundo, wenye mfuko mpana. Wa nailoni wenye mafundo hupasua mapezi na kukwaruza macho. Jihadhari na kifuniko cha matamvua cha sangara, kina miiba na kingo zinazokata kama wembe, na pezi la mgongoni lina miiba mirefu. Wengi wanaomwangusha samaki sakafuni humwangusha kwa sababu wamechomwa.

Usitie vidole ndani ya matamvua ya samaki unayetaka aishi. Ndiyo njia rahisi ya kumbeba, na sokoni kila mtu hufanya hivyo, lakini sokoni amekwisha kufa. Usimning'inize kwa taya pia. Sangara wa kilo 20 akiwa majini uti wake haujawahi kubeba uzito wake mwenyewe. Ukimnyanyua wima kwa kibano cha mdomo, taya na viungo vya shingoni hubeba kilo zote, na viungo vya ndani hushuka. Mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya tumbo, mwili ukiwa umelala. Akizidi nguvu za mtu mmoja, mwingize kwenye machela ya turubai akiwa bado majini, kisha watu wawili wainue.

Kumpima kwa mizani si lazima. Pima urefu kutoka mdomoni hadi mwisho wa mkia, na mzunguko wa mwili mahali panene, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 29,000. Samaki wa urefu wa sentimita 110 na mzunguko wa 72 anakuja karibu kilo 20. Ni kadirio, lakini linatosha kwa hadithi ya kusimulia nyumbani. Anayewania rekodi aliye na haja ya mizani ajue kwamba sangara anayeshikilia rekodi ya dunia ya ndoano, kilo 104 na kitu, alitoka Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000. Wa kilo 20 hatamfikia, na hana sababu ya kuteswa kwa ajili hiyo.

Picha ndiyo huua. Mpiga picha awe tayari, kamera imewashwa, jua liko mgongoni mwake, kabla samaki hajatoka majini. Kipimo chetu ni hiki: samaki akitoka, anayemshika abane pumzi. Akihitaji kuvuta hewa, samaki arudi majini. Kwa wageni wengi hiyo ni kama nusu dakika, na inatosha picha mbili.

Kumrudisha, watu hufanya jambo moja la kizamani: wanamshika mkia na kumsukuma mbele na nyuma kama wanaosuuza nguo. Matamvua yameumbwa kupokea maji kutoka mdomoni kwenda nyuma, na ukimvuta kinyume unayakunja. Mwelekeze kichwa mkondo unakotoka, mshike chini ya tumbo, maji yapite yenyewe. Ziwani ambako hakuna mkondo, endesha boti polepole sana ukimshika ubavuni, kibano cha mdomo kikisaidia. Subiri kifuniko cha matamvua kifanye kazi kwa mpangilio, macho yafuate mkono wako, na mkia uanze kukukataa. Hapo mwache aondoke mwenyewe. Hii inaweza kuchukua dakika moja au kumi. Chini ya Murchison kuna neno la ziada: mamba na kiboko. Hakuna anayeingia majini, hata magotini, na mkono hauzami zaidi ya kifundo bila mtu mwingine kutazama ukingo. Ukiona mamba amesogea, usimwachie samaki hapo. Mvute taratibu hadi mahali pengine kisha umalizie. Samaki aliyechoka akiachiwa mbele ya mamba amelishwa mamba.

Akitoka damu kwenye matamvua kwa wingi, damu nyekundu isiyokatika, usijidanganye. Huyo muue vizuri: pigo moja zito juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, kisha kata matamvua damu itoke, mweke kwenye barafu. Ndani ya mbuga ulizeni askari wa wanyamapori kabla ya kurusha ndoano ya kwanza, samaki aliyeumia vibaya atafanywaje. Swali hilo likiulizwa asubuhi huwa rahisi. Likiulizwa samaki akiwa anatapatapa sakafuni, kila mtu botini ana jibu lake.

Hadi hapa nimeongea kana kwamba kuachia ni jambo jema likifanywa vizuri. Si kila mahali. Murchison, sangara ni mwenyeji. Maporomoko yenyewe ndiyo yaliyomzuia kupanda mtoni kwa maelfu ya miaka. Ziwa Victoria aliletwa na watu katika miaka ya 1950, na baadaye nkejje, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi mno, mamia, walipungua au kutoweka; yeye hakuwa sababu pekee, lakini alikuwa sababu kubwa. Kumwachia kwa heshima sangara wa Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese, kana kwamba unalinda kitu cha asili, ni kichekesho kidogo. Sababu ya kumwachia huko ni nyingine: riziki ya watu. Sheria ya Uganda inataka sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, na ngege chini ya 28. Jike la sangara huzaa likiwa kubwa kuliko dume, na jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Kwa hiyo mdogo anarudi kwa sheria, na mzee mwenye tumbo pana anarudi kwa hesabu. Wa katikati, sentimita 50 hadi 85, ndiye wa kula, na mgeni anayemwachia huyo huku akiagiza minofu ya samaki hotelini jioni ajiulize minofu hiyo imetoka wapi.

Hapo pia pana kinyongo cha wavuvi wetu, na nadhani wana haki ya kuwa nacho. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kusimamia sheria ziwani. Mvuvi akikutwa na samaki wadogo anapoteza nyavu, mtumbwi, pengine na uhuru wake. Upande wa pili wa kisiwa, mtu amelipa ili kumtoboa mdomo samaki yuleyule na kumrudisha akiwa nusu mfu, na anaitwa mhifadhi. Sheria ya urefu yenyewe haina kosa, ila inadhani kwamba samaki mdogo anaweza kurudi akiwa hai. Kwenye nyavu za kunasa mara nyingi amekwisha kufa kabla ya alfajiri, na kwenye migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, iliyolala kina kirefu amevimba. Akitupwa majini ili doria isimwone, hakuna aliyefaidika, si ziwa, si mtoto wa mvuvi. Kinachomwokoa ni tundu pana la wavu na ndoano kubwa, vitu ambavyo huamuliwa ufukweni.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema uvuvi wa kuachia usiwepo kabisa. Uswisi hairuhusu kwenda kuvua ukiwa umekusudia tangu mwanzo kumrudisha samaki, na Ujerumani sheria ya wanyama inataka sababu ya maana ya kumtesa mnyama, ambayo kwa kawaida ni chakula. Mwaka 2003 watafiti wa Uskochi walichoma trauti midomoni kwa sumu ya nyuki na asidi ya siki. Samaki wale waliacha kula kwa muda na wengine wakasugua midomo kwenye kokoto. Wanasayansi bado wanabishana ni nini hasa samaki anahisi. Mzee yeyote wa Wanseko, kando ya Ziwa Albert, angewaelewa Waswisi kwa haraka, kwa maana kwake pia samaki huvuliwa ili aliwe, na kuchezea chakula ni utovu wa adabu. Mimi sijafika huko. Kibali cha mgeni huingiza fedha, na mto wenye samaki wakubwa una watetezi zaidi. Lakini hoja hiyo inanifanya nikatae mashindano ya nani ameachia wengi zaidi. Samaki watatu walioachiwa vizuri kwa siku, chambo hai kikawekwa kando, inatosha. Baada ya hapo mgeni atazame ndege.

Haya yote huafikiwa kabla boti haijaondoka. “Bosi, leo tutamtoa samaki majini kwa picha mbili tu, na akitoka damu tunamla, sawa?” Akisema sawa mbele ya wenzake, mchana hataona haya kutii. Akisema si sawa, bora safari iahirishwe. Halafu weka daftari. Kila samaki mstari wake: urefu, kina alichovuliwa, aina ya ndoano, ndoano ilipoingia, alipigana dakika ngapi, alikaa nje sekunde ngapi, aliondoka wima au ubavu. Andika hapohapo, mkono ukiwa bado na ute, kwa sababu jioni kila samaki huwa aliondoka wima. Safu ya ndoano ilipoingia ndiyo ya kuangalia kwanza kila mwisho wa wiki: neno “koo” likianza kujirudia, badilisha ndoano, fupisha muda wa kungoja, au acha chambo hai hadi ujue kinachotokea.